Robo ya Barabara

Sanduku lilifika Kingi, kijiji cha Masisi mashariki mwa Kongo, siku ya soko, limefungwa juu ya pikipiki kati ya magunia mawili ya maharagwe, na kwa urefu na wembamba wake watu wakadhani ni kioo cha dirisha la kanisa. Valens hakunyanyuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake alichokitengeneza kwa mpira wa gari, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa sababu ya goti, akamwambia mwenye pikipiki alishushe polepole, akatia sahihi kwenye karatasi bila kuisoma. Alikuwa amechoka. Msiniulize alichoshwa na nini. Mtu wa miaka hamsini na tisa aliyezaliwa Masisi akikwambia amechoka, wewe mpe kiti, usimpe maswali.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli. Miaka ishirini na moja aliifanya kando ya barabara ile ile, chini ya bati lile lile, akiitazama barabara ikizidi kuharibika mwaka hadi mwaka. Kabla ya hapo alikuwa mbeba mawe ya madini kule Bisie, enzi zile mgodi ulipokuwa wa watu wa sururu, kabla ya mitambo kuingia. Kilo hamsini mgongoni, siku mbili msituni, tope hadi magotini. Alipotoka huko na magoti yaliyoanza kuharibika, aliapa mbele ya mkewe Mukandayisenga kwamba mgongo wake hautabeba tena mzigo wa mtu, awe nani. Na kiapo alikishika. Hata gunia la viazi vya nyumbani alilibeba mkewe, na mama huyo hakuwa mtu wa kusahau: alilitaja jambo hilo walau mara moja kila wiki, na Jumapili alilitaja mara mbili.

Sanduku lilikuwa la Mama Elodie, mkunga wa Kashebere, kule Walikale inapoanzia. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Kila wiki mbili alipanda hadi Masisi kuchukua dawa na glovu, kisha akashuka tena kijiji kwa kijiji akizalisha wanawake wa vilimani ambao wasingefika popote kwa miguu yao. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, kilo ishirini na mbili ikiwa tupu. Valens alikuwa amekwisha kuichomelea mara nne.

Shida haikuwa kuipanda. Shida ilikuwa pale ambapo barabara haipo. Mvua zilikuwa zimeangusha kilima mahali patatu kati ya Kingi na Kashebere, na kwenye kila poromoko kilibaki kijia cha mguu mmoja, tope na mawe, kushuka na kupanda. Hapo Mama Elodie aliibeba baiskeli begani, akavuka, akailaza upande wa pili, akarudi mikono mitupu kulifuata sanduku lake la kazi, lenye dawa na glovu, akavuka nalo. Kila poromoko alilipita mara tatu wakati wenzake wanalipita mara moja. Na alikuwa na mgongo mmoja tu, kama watu wote.

"Papa Valens," alimwambia mwaka uliopita, ameketi pale pale kwenye mpira wa gari, "mugongo yangu ilishaisha. Kama mambo iko vile tu, mwisho ya mwaka naacha. Nitauzisha makala ya kupikia kama bengine."

"Na bale benye mimba je?"

"Iyo njo naulizaka mugongo. Inaniambia haijue."

Alicheka alipolisema, lakini Valens aliuona mkono wake ukishika kiuno, akajua hatanii. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuficha maumivu, ingawa mbele ya Mama Elodie hakufaulu hata mara moja. "Mficha uchi hazai, Papa Valens," alikuwa akimkemea kila alipomwona anachechemea, vile vile alivyowakemea wasichana waliomjia wamejifunika kanga hadi shingoni. "Onyesha goti!" Naye alionyesha, akapakwa dawa.

Dawa ya mgongo ilitoka kwa mdogo wa Mama Elodie, Jean-Luc, aliyekuwa akisoma China. Huyo alimweleza dada yake kwamba kule kuna viwanda vinavyouza kadre za kaboni, yaani fremu za baiskeli, moja kwa moja kwa mtu, bila duka, bila jina kubwa la kampuni ubavuni. Kadre pamoja na uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, havifiki kilo mbili. Ni za baiskeli za changarawe, zenye nafasi ya matairi mapana, ambazo Wazungu huzipanda siku za mapumziko wakitafuta barabara mbaya kwa makusudi.

"Banatafuta barabara mubaya?" aliuliza Athanase, jirani mchonga chukudu, zile baiskeli za mti za kubebea mizigo, aliyekuwa akichonga gurudumu. "Bakuje hapa. Tutabapatia yote, tubaki bila."

Mama Elodie hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu yake: baiskeli nyepesi begani, sanduku mgongoni, vyote kwa pamoja. Kuvuka mara moja. Basi akaagiza, wakangoja miezi saba.

Valens alipolifungua lile sanduku, aliingiza mikono miwili chini ya kadre kama alivyozoea, akakaza kiuno, akainyanyua, na kadre ikaruka juu ikakaribia kumpiga puani. Athanase alicheka hadi akakaa chini. Valens hakucheka. Aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, nyeusi, haina rangi wala maandishi, akaigonga kwa kucha ikatoa sauti ya kibuyu kikavu. Moyo wake ulimuuma, na alijua kwa nini. Miaka yote ile ya Bisie, miaka yote ya chuma, mahali fulani duniani watu walikuwa wanajua kutengeneza kitu chepesi namna hii. Wala hakuna aliyekuja kuwaambia.

"Kumbe," alisema. Akavuta kiti.

Kazi ilimchukua wiki tatu, na aliifanya kwa uchovu ule ule aliofanyia kila kitu, ila mikono yake ilikuwa na adabu mpya. Magurudumu aliyatoa kwenye baiskeli iliyoachwa na wageni wa shirika moja walipoondoka mbio mwaka ule wa vita. Freni za sahani zilitoka humo humo. Mikono ya pedali aliipata kwa fundi wa Nyabiondo. Matairi mapana yalikuja na lori la viazi lililotoka Goma likirudi tupu. Tundu la chini, pale pedali zinapozungukia, halikuwa na meno ya kukazia kitu. Alikaa siku mbili akilitazama, kisha akachukua bolti ndefu na vipande vya chuma bapa akazivuta zile bilauri za beringi, vikombe vya chuma vinavyoshika gololi, ndani kidogo kidogo, kama unavyomrudisha ng'ombe zizini bila kumtisha. Nyaya za freni zilipaswa kupita ndani ya kadre. Alimwita mkewe. Valens aliingiza uzi wa kushonea tundu la juu, Mukandayisenga akaweka mdomo tundu la chini akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, uzi ukamfika kooni akakohoa hadi machozi.

"Miaka makumi tatu na mbili ya ndoa," alisema akiutoa uzi mdomoni, "leo njo umenipatia ya kukula."

Na Jean-Luc kwa upande wake alituma sauti kwenye simu, tena na tena, kwa woga wa mtu aliye mbali. Ya mwisho Valens aliisikiliza mara tano.

"Papa Valens, kaboni hapana chuma. Chuma inajikunja kwanza, inakuonya. Kaboni haionye muntu, inakatika mara moja. Usikaze na mukono muzima. Vidole mbili na kidole gumba, ukisikia inaomba mukono, simama pale. Ukisikia imelia tik, ilishakufa. Na zaidi pale juu kwenye usukani. Nakuomba, papa."

Valens alichukua kaa la moto lililozimika akaandika ukutani kwa herufi kubwa: VIDOLE VIWILI.

Sasa hapa inafaa niwaambie jambo moja kuhusu mafundi wa vilima hivi, maana bila hilo hamtaelewa, mtamhukumu mtu bure. Kwenye barabara zetu hakuna bolti inayokaa. Mawe yanaitikisa, inalegea, siku ya tatu imeanguka, na mwenye baiskeli anakurudia na matusi. Kwa hiyo marehemu Nzabandora, aliyemfundisha Valens kazi, alikuwa na sheria moja: kaza hadi mwisho, kisha ongeza robo ya barabara. Robo ya mzunguko, ule msukumo wa mwisho wa bega unaotolewa kwa ajili ya mawe. Mafundi wote wa huku wanautoa. Mwanafunzi asiyeutoa anapigwa kofi. Valens alikuwa ameutoa kwa miaka ishirini na moja kwenye kila bolti iliyopita mkononi mwake, na fahari pekee aliyokuwa nayo duniani ilikuwa kwamba hakuna bolti yake iliyowahi kulegea njiani. Watu walikuja hata kutoka Kashebere kwa sababu hiyo.

Kuna desturi ya pili, iliyoanza na wachonga chukudu: chombo kipya, fundi ndiye anayekipanda kwanza, kutoka barazani hadi kijitoni kule chini, mwenye chombo akitazama. Chombo kikivunjika, kimvunje aliyekitengeneza. Lakini tangu magoti yalipomshinda Valens kabisa, miaka minane sasa, watu walimsamehe hiyo. Walishuka wenyewe, yeye akabaki amesimama juu.

Jumatatu mchana kazi ilikwisha. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Walikale, na kesho yake asubuhi Mama Elodie angekuja kuichukua. Ilibaki kukaza bolti mbili tu, zile za kikamatio kinachoushika usukani juu ya shingo ya uma. Valens alizikaza kwa vidole viwili na gumba. Ziliomba mkono, akasimama. Alibana gurudumu la mbele kati ya magoti akaujaribu usukani: umeshika. Vizuri. Akabaki ameshika ufunguo wa kukazia kwenye ile bolti ya pili, akifikiria chakula.

"Valens!" Mukandayisenga aliita kutoka nyuma. "Nguo ziko nje, na mvua ile!"

Aligeuza kichwa amjibu. Na mkono wake, wenyewe, bila kumwuliza, ukatoa robo ya barabara.

Tik.

Sauti ndogo, ya ganda la haragwe kavu. Mtu mwingine asingeisikia. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na walisema kweli. Valens alisimama pale na ufunguo mkononi mvua ikaanza kunyesha, na nguo zikalowa, na mkewe akasema aliyosema.

Jioni hakula. Mkewe alimwuliza ana nini, akajibu, "Nilichoka." Ni jibu zuri kwa mtu anayechoka kila siku, hakuna anayelichunguza. Kitandani alijiambia labda lilikuwa jiwe dogo chini ya gurudumu. Labda ulikuwa mnyororo. Labda alisikia vibaya, masikio nayo yana miaka hamsini na tisa.

Alfajiri alikwenda kibandani akalegeza zile bolti, akavua kikamatio. Shingo ya uma ilikuwa hapo, nyeusi, laini. Alipitisha ukucha. Ukucha ukanasa. Mstari mwembamba mweupe, urefu wa punje tatu za mchele, pale pale kikamatio kinapofunika.

Aliingia kwenye rundo lake la vyuma akatoa kila uma wa mbele aliokuwa nao, kumi na moja, akajaribu mmoja mmoja. Hakuna uliofaa. Shingo za kizamani ni nyembamba, na kadre hii, pale uma unapoingia, ina mdomo mpana kama wa bilauri. Kila uma ulicheza humo. Alikuwa amepiga magoti, ndiyo, kwa magoti yale, kati ya vyuma kumi na kimoja, aliposikia sauti ya Mama Elodie ikipanda kilima, inasalimia watu, inacheka. Amefika mapema. Bila shaka amefika mapema, mtu amengoja miezi saba!

Hapo Valens akafanya jambo ambalo mpaka leo anaona haya kulisimulia. Alikirudisha kikamatio mahali pake. Akakikaza kwa vidole viwili, sawasawa kama alivyoambiwa, na ule mstari ukafichika.

"Eko wapi mutoto yangu?" alipiga kelele Mama Elodie. Aliiegemeza ile ya chuma ukutani, akaiona mpya, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kitu kigeni hata Athanase aliinua uso. Akaisogelea, akaishika kwa mkono mmoja. Ikanyanyuka. Akaiweka chini, akaishika tena, ikanyanyuka tena. Kisha akajitwika sanduku lake la kazi mgongoni, akaipandisha baiskeli begani, na vyote viwili pamoja akaanza kutembea kuzunguka kibanda.

"Mara moja!" aliimba. "Navuka mara moja! Mama Mukandayisenga, kuja uone, mara moja!"

Mukandayisenga alitoka na vigelegele. Wanawake wa sokoni wakaitikia. Mama Elodie alizunguka mara ya pili akicheza, machozi yanamtoka, hayafuti, na Valens alitazama ile shingo ya uma ikipita mbele ya macho yake, ikaenda, ikarudi.

"Batu bane banakaribia kuzaa kule juu," alisema Mama Elodie akiweka baiskeli chini, akihema. "Nilibaambia ntafika, na mugongo yangu ntafika nayo. Papa Valens, Mungu akubariki. Miye nilishafunga barua ya kuacha kazi, unajua? Leo naenda kuipasula."

Alifunga sanduku lake, akashika usukani, akainua mguu.

Kutoka barazani kwa Valens barabara inashuka. Mwanzo ni changarawe tu na mteremko mpole hadi kona ya mikaratusi. Baada ya kona inaanguka, mawe ya ukubwa wa vichwa, hadi kijitoni. Kila mtu anaijua. Valens aliiona yote mara moja: kona, mawe, usukani unabaki mikononi mwa mama yule na gurudumu linakwenda njia yake.

"Ngoja," alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Mama Elodie, ngoja. Fundi njo anashuka wa kwanza."

Watu walicheka. "Na magoti ile?" aliuliza Athanase. "Valens, unatafuta kufa?"

"Desturi iko desturi."

Mama Elodie alicheka naye akampisha. Ukweli ni kwamba Valens hakuwa amepanga kitu. Mdomo ulikuwa umekataa kusema, basi mwili ukajitolea badala yake. Heri avunjike yeye shingo kuliko kutamka maneno matatu mbele ya soko zima. Ndivyo tulivyo wanaume wengine, na msiseme hamtujui.

Alipanda. Goti lililia, kisha likanyamaza, kwa sababu baiskeli ilikuwa tayari imeondoka. Haikungoja kusukumwa. Matairi mapana yalikanyaga changarawe bila kelele, upepo ukaingia ndani ya shati lake, na kwa mara ya kwanza tangu ujana Valens alikwenda mahali bila kubeba kitu na bila kubebwa na uchungu. Ilikuwa tamu. Lazima niseme hivyo, ilikuwa tamu mno. Akafikiri: hiki ndicho nilichomwibia.

Kisha chini ya viganja vyake usukani ukalia. Kidogo tu.

Akabana freni zote mbili kabla ya kona. Baiskeli ikateleza, ikasimama. Aliweka mguu chini. Mbele yake, baada ya mikaratusi, ulianza ule mteremko wa mawe. Alikuwa amekwenda hatua mia mbili, za mteremko mpole, na hofu ilikuwa imemmaliza. Na yeye alikuwa tayari kumwacha mwenzake aende nayo mpaka Kashebere.

Akashuka, akaiweka begani, akapanda kilima kwa miguu. Polepole. Watu waliomngoja barazani wakaacha kucheka walipouona uso wake.

"Imeharibika?" aliuliza Mama Elodie.

"Miye njo niliiharibu."

Akalegeza bolti mbili, akavua kikamatio, akauonyesha ule mstari. Alieleza yote: bolti, mvua, robo ya barabara, tik. Mama Elodie aliinama akapitisha kidole juu ya mstari ule, taratibu, kidole kilichozoea kutafuta mambo yasiyoonekana.

"Jana ulisikia," alisema.

"Nilisikia."

"Na leo asubui uliona?"

"Niliona."

"Na ulirudisha pahali yake. Ukanifunikia."

Valens angeweza kusema magoti, uchovu, aibu. "Ndiyo," alisema. "Nilikufunikia. Nilitaka uende."

Wanawake wa sokoni walitazama chini. Mama Elodie aliketi kwenye kiti cha mpira, akatoa simu, akamtumia mdogo wake ujumbe mfupi, kwa sauti isiyofanana na yake ya siku zote. Jibu lilikuja baada ya robo saa. Uma peke yake unapatikana kiwandani. Njia ni ile ile, meli ile ile, mipaka ile ile. Miezi saba.

Laiti angepiga kelele. Valens alingoja kelele zile kama mtu anavyongoja mvua ianze. Lakini mama yule alikaa tu, mkono kiunoni, akitazama baiskeli mbili zilizoegemea ukuta, moja isiyopandika na nyingine isiyobebeka, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye jana alikuwa na miaka arobaini na leo ana sitini.

"Ile ya chuma," alisema mwishoni, "kiti na freni za nyuma zinashika?"

"Zinalegea."

"Kaza. Bale batu bane habatangojea miezi saba."

Valens alipiga magoti akazikaza. Alipofika bolti ya mwisho, chini ya kiti, mkono ulisimama wenyewe. Akamtazama.

"Ongeza," alisema Mama Elodie. "Iyo iko chuma."

Akaongeza robo ya barabara. Haikulia kitu.

Mama Elodie akasimama, akaishika baiskeli yake ya kilo ishirini na mbili, akageuka kuchukua sanduku lake. Halikuwapo. Valens alikuwa ameinama mbele yake, kamba ya kubebea amekwisha kuipitisha kwenye paji la uso, namna ile ile aliyokuwa akifanya Bisie, na sanduku lilikuwa mgongoni mwake. Alijinyanyua kwa kushika nguzo. Goti lilitoa mlio.

Mukandayisenga alitoa kichwa mlangoni. Alikuwa na ufagio mkononi, akausahau.

"Valens. Unabeba?"

"Mupaka ngambo ya poromoko ya kwanza."

"Na akirudi kisha wiki mbili?"

"Nitabeba."

"Na safari zile zingine?"

Alikuwa ameanza kutembea. Mukandayisenga alimtazama hadi kona ya mikaratusi. Siku hiyo hakulitaja gunia la viazi, wala Jumapili iliyofuata.

Saa nzima walitembea, Valens mbele na sanduku, Mama Elodie nyuma akiisukuma baiskeli. Kwenye poromoko la kwanza Valens aliingia topeni bila kusimama, maana alijua akisimama hataanza tena. Nyuma yake alisikia chuma kikipanda begani, na pumzi nzito, na hatua zikimfuata, moja, moja, moja. Katikati ya poromoko sauti ikamfikia.

"Papa Valens. Goti inasema nini?"

Mdomo ulikuwa na jibu lake la siku zote. Akalimeza.

"Inauma," alisema. "Inauma sana."

"Njo vile," alisema Mama Elodie.

Wakatokea upande wa pili pamoja. Valens alishusha sanduku kwenye jiwe, akakaa kando yake. Yalibaki maporomoko mengine mawili huko mbele, na wote wawili walijua kwamba magoti yale hayafiki huko. Huko mama yule angevuka mara tatu, kama siku zote. Mama Elodie alilifunga sanduku nyuma ya baiskeli, akaujaribu mkaza wa kamba. Kisha akageuka akalitazama poromoko walilotoka, mahali ambapo saa hizi angekuwa anashuka tena mikono mitupu kulifuata sanduku.

Hakusema asante. Alipanda baiskeli yake.

"Kisha siku kumi na ine," alisema, "saa mbili ya asubui. Usinikawishe."

Akaenda. Valens alikaa pale hadi mlio wa mnyororo ulipopotea, akiwa amechoka kuliko siku yoyote aliyowahi kuikumbuka, kisha akasimama arudi nyumbani akatafute kamba nzuri zaidi.